Mdomo wa Kuazima

"Wamemuua tena," Khaled alisema, akaizima televisheni kwa kofi kana kwamba ndiyo iliyoua.

Aliyekufa hakuwa mtu wa Bujumbura, na mwaka ule wa vita hilo peke yake lilikuwa jambo la kushukuru. Alikuwa Mzungu wa kwenye filamu, mkagua tikiti wa treni, mwenye kicheko kizuri na masikio makubwa, aliyependana na mwoka mikate wa mji fulani wa theluji. Mwanamume na mwanamume mwenzake. Callixte aliikuta kaseti ile sokoni, kwenye rundo la vitu vya Mbelgiji mmoja aliyekimbia nchi akaacha hata sufuria zake. Haikuwa ya kwanza ya namna hiyo kuwafikia, na zote zilikwenda njia moja: watu wawili wanapendana kwa shida, wanafurahi kidogo, halafu mmoja anatiwa kaburini na mwenzake anabaki dirishani akilia kistaarabu.

Walikuwa wawili tu katika ukumbi wa video wa Amissi, kule Buyenzi, asubuhi, mlango umetiwa komeo. Hakuna ambaye angeuliza. Kazi ya Khaled ilikuwa kufasiri filamu kwa watazamaji, na mfasiri lazima aijaribu kaseti kwanza. Callixte alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Nani angeshangaa mfasiri akikaa na mwalimu?

"Hukuangalia mwisho," Callixte alisema. Alikuwa amevua miwani, anaipangusa kwa pindo la shati.

"Nimeangalia. Amekufa."

"Angalia mukate, Khaled. Mukate ku dirisha."

Katika filamu ile mwoka mikate alikuwa akiweka mkate mmoja dirishani kila alfajiri, ili mkagua tikiti auchukue akienda stesheni. Ndiyo iliyokuwa salamu yao, maana hawakuweza kusalimiana mbele ya watu. Baada ya mazishi mwoka mikate aliendelea kuuweka. Na picha ya mwisho kabisa ilikuwa dirisha tupu: mkate haupo, theluji inaanguka.

"Ile ni symbole," Callixte alisema, kwa sauti ya darasani ambayo Khaled aliipenda siku nyingine zote. "Mukate umechukuliwa. Maana yake mapendo haikwishe, iko mutu anaipokea. Ni espoir, Khaled. Ni tumaini."

"Paka ameukula."

"Khaled."

"Paka, ao mwizi. Mi niko naona dirisha haina kitu, we unaniambia espoir. Sitaki mukate, nataka mutu. Arudi na treni yake, aingie mu nyumba, bagombane juu ya chumvi, bazeeke. Nani aliwapa ruhusa ya kutuua kila siku, halafu banatuachia mukate?"

Callixte alicheka, akamshika bega. Khaled hakucheka. Nje ya mlango ule watu walikuwa wanakufa bila mkate wala dirisha, na hakuna aliyewapigia muziki wa kinanda. Kama kufa ni tumaini, basi Burundi ingekuwa imeshiba tumaini mpaka inatapika.

Naye Callixte alikijua kifo kuliko filamu yoyote. Baba yake na kaka zake wawili waliuawa katika wiki moja mtaa wao ulipochomwa, na wajomba waliosalia wakatawanyika, huyu Uvira, yule Kigoma. Kabila lake usiniulize. Siku zile kila mwenye bunduki aliuliza swali hilo, mimi sitamsaidia. Yeye na mama yake, Daphrose, walikimbilia Buyenzi kwa sababu Waswahili wa Buyenzi walikuwa na sifa ya kufungua mlango kwanza na kuuliza baadaye. Wakapanga vyumba uani kwa Waridi, shangazi yake Khaled. Vijana hao wawili walikutana kwenye bomba la maji, kila mmoja na ndoo yake, na yaliyofuata yalifuata. Pale uani walijulikana kuwa marafiki, chanda na pete, na sifa hiyo ikawafunika kama blanketi.

Kisha nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo. Petroli ikaadimika, sukari ikaadimika, na kwa watu wa Amissi zikaadimika kaseti mpya. Amissi, mwenye ukumbi, alikuwa mtu mnene asiyejua kunong'ona, akamkamata Khaled kiwambazani.

"Batu bamechoka," alisema. "Ile filme ya karate bameiona mpaka banarusha teke mbele ya acteur. Nitafutie ingine, ao nifunge mulango nikauze makaa."

Hapa lazima nikueleze Khaled alivyofanya kazi, maana usipolijua hilo hutaelewa makosa yake. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akaishusha sauti ya filamu, akawatia watu wa kwenye picha maneno mdomoni mwao. Kufasiri, kwa Khaled, hakukuwa kufuata neno kwa neno. Jambazi wa Hong Kong akifungua mdomo, utamsikia analalamika kuhusu bei ya sukari ya Bujumbura. Jenerali wa Kimarekani anatukana kwa Kiswahili cha gereji. Watu walikuja kumsikiliza Khaled, picha ilikuwa kisingizio, na wengine walikaa wamempa televisheni kisogo wakicheka.

Basi hasira yake ikapata kazi. Akaichukua kaseti ya mwoka mikate bila kumwambia Callixte. Akajiapia kwamba safari hii mkagua tikiti hatakufa, na atakayebisha aende akanunue jenereta yake.

Ilikuwa Jumapili alasiri, misa imeshatoka na adhuhuri imeshasaliwa, mabenchi yamejaa mpaka mlangoni. Callixte aliingia mwishomwisho, akasimama nyuma. Alipoona theluji kwenye kioo, akashika ukuta.

Khaled akaanza. Huyu mwenye mikate, alisema, anatoka upande wa mlima. Yule wa treni anatoka upande wa mto. Na watu wa mlima na watu wa mto, jamani, hawachoti tena kisima kimoja, wamezikana sana. Ukumbi ukatulia. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mlima ni nani na mto ni nani. Kila mtu alijipangia mwenyewe, na kila mtu alijua anawaogopa wepi.

Wakafuatana na hadithi vizuri, mpaka likaja dirisha. Wahuni wa mji wanarusha jiwe, kioo kinapasuka, kigae kinamkata mwoka mikate mdomo. Damu inamtiririka kidevuni. Mkagua tikiti anaipangusa kwa kidole, anamtazama mwenzake, kisha anambusu palepale kwenye damu, na hafanyi haraka. Khaled alikuwa amepanga kuirusha picha mbele kabla ya hapo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini aliwatazama wale wawili, akakumbuka mabusu yote yeye na Callixte waliyokatiwa na hodi za watu, na kidole kikakataa. Benchi moja likalia. Mtu akaanza kupiga mluzi, ule mluzi unaotangulia mawe.

"Wananywana," Khaled alisema.

Neno lilimtoka lenyewe. Kila Mrundi analijua. Zamani watu wawili walioapa urafiki wa kufa na kuzikana walichanjiana, kila mmoja akanywa damu ya mwenzake, na tangu siku hiyo wakawa wanywani, zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Mnywani wako hakuuzi. Mnywani wako akikuficha, anaficha damu yake mwenyewe. Mzee mmoja wa benchi la mbele akaitikia, "Eee," polepole, na mluzi ukafia hewani. Damu waliiona. Midomo waliiona. Mtu wa mlima na mtu wa mto wamenywana mbele yao, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Mkagua tikiti alipopanda treni yake ya mwisho akipunga mkono, Khaled alibonyeza kitufe, kioo kikawa cheusi. Akamalizia kwa mdomo. Alirudi, akasema. Alirudi na mvua, wakarudishia kioo kipya, wakazeeka katika nyumba ile, na watu wa mlima na wa mto wakawa wanakuja pale kununua mkate.

Watu walilia. Wanaume wanaolala na panga uvunguni walijifuta macho kwa mikono kwa ajili ya wanaume wawili waliobusiana. Amissi alimkumbatia Khaled mpaka mbavu zikauma, akaibatiza filamu palepale: Wanywani. Ikarudiwa kesho yake, na kesho kutwa, na ikavuta hata kina mama wa misa ya kwanza.

Callixte alimsubiri nyuma ya ukumbi, jenereta inanguruma kando yao.

"Umetuficha vizuri," alisema. "Mpaka mi mwenyewe sikutuona."

"Nilimuokoa."

"Ulimuokoa, ndiyo. Lakini ulimuokoa kwa kumufuta. Mi nilikuwa na kitu kimoja tu, Khaled, ile dakika ya mudomo. We umeipatia batu ba siasa."

Kumbe mdomo unaoweza kusemea dunia nzima haukuwa na neno moja la kumpa mtu wake. Khaled alirudi ndani kwa hasira akaanza kupanga mabenchi, na aliwachukia wale waliolia. Waliwapenda wanaume wale kwa sharti moja, kwamba wasiwe walivyo.

Siku chache baadaye Daphrose akamwita. Alikuwa amekaa mbele ya mlango wake uani, ungo wa maharage magotini, akitoa mawe.

"Filme yako ni muzuri," alisema. "Nimelia."

"Asante, mama."

"Mi nilikuwa mutoto wakati baba yangu alinywana na mutu wa mulima ingine. Niliona na macho yangu." Akatupa jiwe. "Damu inatoka ku tumbo, karibu na kitovu. Banaiweka ku jani. Haipitake mudomo ku mudomo."

Khaled aliliokota lile jiwe. "Ya zamani na ya sasa ni mbalimbali, mama."

"Mudomo ni mudomo tangu zamani." Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Kaa chini. Jumamosi tunaenda Kanyosha kwa bazazi ba Joëlla, kumuombea Callixte bibi."

Joëlla alikuwa fundi cherehani, msichana mwenye utani, aliyewahi kuja pale uani kusalimia akacheka mzaha wa Khaled mpaka akashika ukuta. Ubaya hakuwa nao, na hilo lilimkera Khaled zaidi kuliko kama angekuwa nao.

"Callixte anajua?"

"Anajua. Alilia, kisha alikubali. Ni mutoto muzuri. Sasa, mutu wa kusema mbele ya bazee sina. Baba yake hayuko, bajomba habako. We uko na mudomo kuliko batu bote ba Buyenzi. Utasema we."

"Mi ni Mwislamu, mama. Kule banakunywa pombe."

"Utapewa Fanta."

"Kwa nini mi?"

Ndipo alipomtazama. Macho yake hayakuwa na chuki, na Khaled angetamani yawe nayo. "Kwa sababu mutu akishamuombea mwenzake bibi mbele ya bazee, hawezi tena kusema huyu ni wangu. Nimezika batatu, Khaled. Nataka kuogesha mutoto mumoja mbele ya kufa. Nimenyamaza mpaka leo. Usinifungulishe mudomo."

Kisha, kama mama yeyote anayemfundisha kijana adabu, akamweleza mambo yanavyokwenda. Msemaji wa upande wa binti ni mzee Adolphe, mtu wa maneno. Atawapokea, halafu atawachokoza. Atasema mmepotea, hapa siyo mlikokuwa mnakwenda. Ndiyo desturi. "We utakataa. Utasema apana, hatukupotea, tumeona ua kwenu. Hapo ndiyo kila kitu kinaanza. Usipokataa, hakuna harusi. Umesikia?"

Khaled alisikia. Alimfuata Callixte shuleni mchana uleule, wakasimama chini ya ukuta uliochubuka kwa risasi, wanafunzi wakipita na "bonjour, monsieur".

"Ni jina tu," Callixte alisema. "Mama atatulia. Sisi tutaendelea kama sasa."

"Na Joëlla?"

"Atakuwa na nyumba."

"Nyumba na dirisha. Utamuwekea mukate, si ndiyo? Mutoto ya watu alale na ukuta maisha yote, we unamupatia symbole."

Macho ya Callixte yakawa mekundu. "Unafikiri mi nataka? Mama aliokota baba yangu na mikono yake. Mi ndiye nilibakia. Unajua kazi ya mutu aliyebakia, Khaled? Ni kuwa batu bote. Niwe baba, niwe bakaka, nizae batoto bao. We uko na shangazi, uko na mutaa muzima. Usinifundishe."

"Basi mwambie mama unataka nini."

"Siwezi. Nikisema, ni mi ndiye nimemuua."

"Kwa hiyo niseme mi."

"We ndiye mwenye mudomo," Callixte alisema kwa uchungu, akaingia darasani.

Khaled aliondoka akimwita mwoga, mwoga, mwoga, kila hatua. Alimkasirikia Callixte. Alimkasirikia Daphrose, kisha akaona aibu, maana nani anamkasirikia mama aliyezika watatu? Aliwakasirikia waliowaua. Waliua watu, sasa hata waliobaki hai hawana ruhusa ya kuwa wao wenyewe, kila mmoja anaishi kwa niaba ya maiti. Na zaidi ya wote alikikasirikia kile kinywa chake kilichosifiwa mji mzima. Kilichobaki kufunga ndoa ile kilikuwa sentensi moja, naye alijua ataisema vizuri. Hakuwahi kusema kitu vibaya maishani mwake.

Jumamosi walipanda pikapu ya kuazima mapema, ili wawahi kurudi barabara ya kusini haijafungwa kwa couvre-feu, amri ya kutotoka nje usiku. Khaled alivaa kanzu na koti. Callixte alivaa suti ya marehemu baba yake, mabega yakimshuka. Kanyosha kulikuwa kumetulia, uani kwa akina Joëlla kumefagiliwa, viti vya majirani vimepangwa pande mbili, pombe ya ndizi iko tayari na mirija yake. Khaled akapewa Fanta kweli. Nyuma ya pazia la mlango viatu vipya vyeupe vya msichana vilionekana, vimesimama, havitulii.

Mzee Adolphe akainuka. Alikuwa katekista mstaafu, mwembamba, na macho yake yalicheka kabla ya mdomo. Mambo haya yote yalisemwa kwa Kirundi, kwa heshima zake, mimi nayaleta kwa Kiswahili.

"Tunawaona wageni," alisema, "na mgeni ni baraka. Lakini siku hizi njia zimeharibika. Vizuizi kila kona. Mtu anatoka kwake aende kaskazini, anajikuta kusini, anasingizia kuwa ndiko alikokuwa akienda. Mimi nawatazama, naona mmepotea. Hapa siyo mlikokuwa mnakwenda."

Kicheko kikapita pande zote mbili. Daphrose akampa Khaled ishara kwa kidevu.

Khaled akasimama. Jibu lilikuwa limekaa ulimini tayari, tamu, limepambwa: hatukupotea mzee, harufu ya ua ndiyo iliyotuongoza. Alimtazama Callixte. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti, kama mtu aliyekalishwa kando ya barabara akingoja askari waamue. Alitazama vile viatu vyeupe. Aliwaona watu wote aliowatia maneno mdomoni, majambazi, majenerali, mwoka mikate na damu kidevuni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba amsemee. Hasira ikampanda kutoka miguuni, na kwa mara ya kwanza haikutaka kupambwa.

"Mzee," alisema, "umesema kweli. Tumepotea."

Wakacheka, wakapiga makofi. Huyu ni msemaji wa namna gani, anakubali kwanza. Wakainama mbele kungoja "lakini". Haikuja. Adolphe, mtu wa adabu, akamsogezea njia.

"Na sasa je, mmefika?"

"Hatujafika, mzee. Tuliondoka kwetu na njia isiyo yetu. Hapa kuna binti mwema. Kwetu kuna kijana mwema. Kati yao hakuna njia, na sisi tulilijua hilo tukaja hivyohivyo, kwa sababu tuna misiba mingi na tulitaka kicheko cha mtoto. Tukimchukua tutakuwa tumemwibia. Tunaomba msamaha, na tunaomba kurudi."

Mirija ikaachwa kwenye vyungu. Kuku walisikika wakikwaruza nyuma ya jiko. Baba yake Joëlla alimtazama Adolphe, Adolphe akaitazama fimbo yake, na uchokozi ulikuwa umemtoka usoni.

"Msemaji wetu amelewa," Daphrose alisema.

Watu wakaitazama chupa ya Fanta mkononi mwa Khaled. Hakuna aliyecheka.

"Callixte," mama yake alisema, sauti chini kabisa. Kwa desturi bwana harusi hafungui kinywa siku ile. Anasemewa. Lakini neno moja lake lingetosha kuzoa kila kitu kilichomwagika, na Khaled alijua hivyo. Angesema tu, huyu si ndugu yetu, amechanganyikiwa na vita, msimsikilize. Nani angeshangaa? Mwaka ule nusu ya mji ilikuwa imechanganyikiwa. Na Khaled angetolewa nje kwa mikono miwili, angetembea peke yake mpaka Buyenzi, na tangu siku hiyo angekuwa kwa Callixte jirani wa bomba la maji tu.

Adolphe alimgeukia Callixte. "Kijana. Huyu ni mdomo wako?"

Callixte aliinuka. Koti la baba yake likamning'inia. Alichelewa kusema mpaka Khaled akaanza kujiambia kwamba hapana, na kwamba atamsamehe, baada ya miaka.

"Ndiyo, mzee," Callixte alisema. "Ni mdomo wangu. Alichosema nimekisema mimi."

Joëlla akatoka nyuma ya pazia. Akavua vile viatu vyeupe, akavipanga ukutani, akaketi chini kando ya mama yake. Alimtazama Callixte, kisha Khaled, kisha Callixte tena, bila haraka, kama anayepima kitambaa. Hakulia. Khaled alitamani amtukane, ingekuwa haki yake. Alichosema ni, "Waacheni waende. Couvre-feu haimngoji mtu."

Daphrose hakuinuka. Alibaki kwenye kiti chake kuomba radhi kwa niaba ya ukoo uliokwisha, na wenye nyumba wakamsogezea maji. Wao wawili walitoka kwa miguu, maana pikapu ilibaki kumngoja mama.

Barabarani Callixte alifungua vifungo vya koti la baba yake. "Umenivunja," alisema.

"Najua."

"Mama hatanisamehe."

"Najua."

"Na we pia, sijui kama nitakusamehe. Sijui, Khaled. Usiniulize leo."

"Siulizi."

Nyuma yao mtu alitoka langoni. Khaled aligeuza shingo akaona kitenge cha Daphrose. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono imelala ubavuni, anawatazama wakienda. Callixte naye aligeuka akamwona, ndipo alipomshika Khaled mkono.

Katika mji ule wanaume hushikana mikono wakitembea. Marafiki, ndugu, askari wawili walio nje ya zamu, na hakuna anayewageukia. Hao wawili walikuwa wameshikana hivyo sokoni, ufukweni, mbele ya msikiti, na kila mara ulikuwa mkono wa marafiki, kwa sababu ndivyo watu walivyousoma. Sasa kulikuwa na mtu mmoja nyuma yao aliyeusoma sawasawa. Khaled alijaribu kuuachia, kwa ajili ya yule mama. Callixte akakaza vidole. Wakaenda hivyo mpaka kwenye kizuizi, ambako askari alidai vitambulisho, akavitazama, akawatazama, akawaambia wapite.